TriStar: Ndege 250 na Mashirika Yaliyozirusha

Tarehe 25 Mei 1972 ndege ya abiria yenye injini tatu iliondoka Palmdale, kwenye jangwa la California, ikiwa na watu 115: marubani, wafanyakazi wa kiwanda na waandishi wa habari. Ilivuka Marekani kutoka magharibi hadi mashariki, ikatua Uwanja wa Dulles nje ya Washington baada ya saa 4 na dakika 13. Anthony LeVier na Charles Hall walikuwa wamekaa kwenye viti vyao vya urubani, lakini kazi ya kupaa, kushika njia, kushuka na kugusa ardhi ilifanywa na mitambo ya ndege yenyewe. Ndege hiyo ilikuwa Lockheed L-1011 TriStar. Mwezi mmoja kabla ya hapo, tarehe 26 Aprili, Eastern Air Lines lilikuwa shirika la kwanza kuitumia kubeba abiria wa nauli.

Naanza na safari hiyo kwa sababu TriStar imekumbukwa vibaya. Anayeitaja leo hutaja hasara, kashfa na mizimu. Yote hayo yamo katika historia yake na nitayaeleza. Lakini walioisanifu ndege ile, walioitunza, na mashirika yaliyoitegemea kwa karibu miaka 30, wanastahili kuandikiwa kwa haki, na haki hiyo huanzia kwenye ubora wa kazi ya mikono yao.

Chanzo chake ni karatasi ya mwaka 1966. Frank Kolk, mhandisi wa American Airlines, alieleza ndege aliyoitaka: pana, yenye korido mbili, ndogo kuliko Boeing 747 iliyokuwa bado mezani kwa wachoraji, yenye kubeba watu wapatao 250, na yenye nguvu ya kupaa kwenye njia fupi za LaGuardia, New York. Kolk mwenyewe alifikiria injini mbili. Mashirika mengine, yakiwaza milima ya magharibi na safari za juu ya bahari, yakataka tatu. Kampuni mbili zikaishika karatasi hiyo hiyo: McDonnell Douglas ikachora DC-10, Lockheed ikachora L-1011, na michoro ikatoka imefanana kama watoto wa baba mmoja.

American Airlines ikachagua DC-10 Februari 1968. Lockheed, ambayo haikuwa imeunda ndege kubwa ya abiria tangu Electra ya miaka ya 1950, ikajibu kwa kushusha bei, na mwishoni mwa Machi ikatangaza oda 144 kwa mkupuo. Eastern ilitaka 50, TWA 44, na Air Holdings ya Uingereza 50 za kuuza nje ya Marekani. Delta Air Lines ya Atlanta nayo ikaingia kwa 24. Oda ya Air Holdings ilikuwa na sababu yake. Lockheed ilikuwa imekubali kufunga injini za Rolls-Royce peke yake, na Uingereza ikajibu kwa kusaidia kuitafutia ndege hiyo soko. Ndege ya Kimarekani ikafungamana na injini moja ya Kiingereza, bila njia ya pili. Kwa maoni yangu hapo ndipo hatima ya TriStar ilipoandikwa, kabla hata chuma cha kwanza hakijakatwa.

Injini hiyo iliitwa RB211. Rolls-Royce ya Derby iliahidi mashine yenye mihimili mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja ukizunguka kwa kasi yake, na mbele yake feni kubwa yenye mapanga ya nyuzi za kaboni yaliyopewa jina la Hyfil. Kaboni ingepunguza uzito sana. Mei 1970 mafundi walifyatua kuku mzima kwa kasi kubwa kuelekea kwenye feni inayozunguka, jaribio la kawaida la kuona injini itavumilia vipi ikimeza bata mwitu angani. Mapanga yakavunjika vipande vipande. Ikabidi yaundwe upya kwa titaniamu, ambayo ni nzito zaidi, huku bei ya injini ikiwa imeshafungwa kwenye mkataba. Kila injini ambayo Rolls-Royce ingeiuza sasa ingeitia hasara.

Tarehe 16 Novemba 1970 TriStar ya kwanza ilipaa Palmdale. Chini ya miezi mitatu baadaye, Daniel Haughton, mwenyekiti wa Lockheed, alikuwa London akipewa habari ambayo hakuna mtengenezaji wa ndege anayependa kuisikia: msambazaji wake wa injini hana fedha za kuendelea. Tarehe 4 Februari 1971 Rolls-Royce ikawekwa mikononi mwa mfilisi. Kule California maelfu ya wafanyakazi wakasimamishwa kazi, na kiwanda kikabaki na ndege ambazo hakuna aliyejua kama zitapata injini.

Serikali ya Uingereza chini ya Edward Heath, iliyoingia madarakani ikisema haitabeba kampuni zinazoshindwa, ikaitaifisha Rolls-Royce. Injini za majeshi na heshima ya taifa havikuacha nafasi ya kufanya vinginevyo. Lakini London ikaweka sharti: itaendelea na RB211 ikiwa Washington itahakikisha kwamba Lockheed nayo haifi. Lockheed ilikuwa imeshaumizwa na ndege ya jeshi ya C-5 Galaxy, na benki hazikutaka kuikopesha tena bila dhamana. Rais Nixon akapeleka bungeni ombi la dhamana ya mkopo wa dola milioni 250. Baraza la Wawakilishi likapitisha kwa kura 192 dhidi ya 189. Tarehe 2 Agosti 1971 Seneti ikapiga kura: 49 ndiyo, 48 hapana. Seneta mmoja angebadili mawazo, TriStar ingebaki ndege ya majaribio.

Kule Derby mambo yaliokolewa na wazee. Stanley Hooker, mhandisi aliyeinoa injini ya Merlin wakati wa Vita Kuu ya Pili na ambaye alikuwa ameshastaafu, aliitwa arudi, naye akawakusanya wastaafu wenzake. Waliishika RB211 na kuipa nguvu iliyokosekana. Ilipoingia kazini ilikuwa tulivu kuliko injini za wapinzani, na kadiri miaka ilivyokwenda ikawa maarufu kwa kukaa muda mrefu kwenye bawa bila kuhitaji kushushwa.

Kuchelewa kulikuwa kumeshafanya kazi yake, hata hivyo. DC-10 ilianza kubeba abiria Agosti 1971, miezi minane na zaidi mbele ya TriStar. Kilichouma zaidi ni safari ndefu. McDonnell Douglas ilikuwa na injini kubwa zaidi za General Electric na ikatoa haraka DC-10-30 ya kuvuka mabara. Rolls-Royce iliyofilisika haikuwa na fedha za kukuza injini yake kwa wakati. Mashirika ya Ulaya yakaenda DC-10, na Afrika ikafuata: Air Afrique, Air Zaïre na Nigeria Airways zote zilinunua DC-10-30. Abiria wa Kinshasa aliyepanda ndege pana ya shirika lake miaka ya 1970 alipanda ya mpinzani, na sababu ya hayo ilikuwa kuku wa Derby.

Sasa tuingie ndani ya ndege yenyewe, maana hapa ndipo wahandisi wa Lockheed walipojionyesha. Mlango wa abiria haukusukumwa nje wala kukunjwa kando. Mhudumu alibonyeza swichi, mlango mzima ukaingia ndani kidogo, kisha ukapanda taratibu na kupotea kwenye dari. Jiko liliwekwa chini ya sakafu ya abiria, na lifti mbili nyembamba zilipandisha vitoroli vya chakula, au mhudumu mwenyewe akiwa amesimama wima ndani yake. Hivyo chumba cha juu kikabaki wazi kutoka mbele hadi nyuma. Pacific Southwest Airlines ya California ilikwenda mbali zaidi ikaigeuza sehemu ya chini kuwa sebule ya abiria.

Mkiani, injini ya tatu iliwekwa chini ndani ya mwili wa ndege, ikivuta hewa kupitia bomba lililopinda kama herufi S kutoka kwenye mdomo ulio juu ya paa. DC-10 ilipachika injini yake ya tatu juu, ikipenya moja kwa moja kwenye mkia. Njia ya Lockheed ilikuwa ngumu na ghali kuitengeneza, lakini ilileta uzito wa injini chini na kupunguza ukinzani wa hewa. Vipande vikubwa vya mwili viliunganishwa kwa gundi maalumu ndani ya tanuri la shinikizo, hivyo ribiti zikawa chache na kutu ikapata nafasi ndogo ya kuingia. Mifumo ya haidroliki ilikuwa minne, mmoja zaidi ya ile ya DC-10.

Marubani waliipenda kwa jambo moja zaidi. Ndege ya kawaida ikiwa juu kidogo au chini kidogo ya njia yake wakati wa kutua, rubani huinua au kuinamisha pua, na ndege yote huyumba pamoja naye. Kwenye TriStar, vibao vilivyo juu ya mabawa viliinuka nusu wakati wa kushuka; rubani aliposogeza usukani, vibao vilipanda au vilishuka, na ndege ikaongeza au kupunguza kimo huku pua imetulia palepale. Kwa msaada wa mpangilio huo, pamoja na mifumo ya kujiendesha iliyorudufiwa, TriStar ilipata kibali cha kutua ndani ya ukungu ambao ulifunga viwanja kwa wengine. British Airways, iliyoishi na ukungu wa London, iliitumia kwa hamu kubwa.

Eastern ndiyo iliyoizaa kibiashara, ikaipa jina la Whisperliner kwa sababu ya utulivu wa injini zake. Na Eastern ndiyo iliyopata msiba wa kwanza. Usiku wa 29 Desemba 1972, safari ya 401 kutoka New York ilikuwa inajiandaa kutua Miami wakati taa ndogo ya kijani, inayothibitisha kwamba gurudumu la mbele limeshuka na kufunga, ilipokataa kuwaka. Marubani wakapanda futi 2,000, wakaiacha ndege ijiendeshe juu ya kinamasi cha Everglades, na wote wakaishughulikia taa. Balbu ilikuwa imeungua, basi. Katika pilikapilika hizo mfumo wa kushika kimo ulitoka bila mtu kutambua, na ndege ikashuka polepole mno kiasi kwamba hakuna aliyehisi. Katika watu 176 walikufa 101. Frank Borman, mwanaanga wa Apollo 8 ambaye wakati huo alikuwa miongoni mwa viongozi wa Eastern, alifika kinamasini usiku ule ule na kuingia majini kusaidia manusura.

Hiyo ilikuwa ajali ya kwanza ya vifo ya ndege pana duniani. (Ya kwanza ya 747 ilitokea Nairobi tarehe 20 Novemba 1974, ndege ya Lufthansa ilipoanguka mara baada ya kupaa na kuua watu 59.) Baadaye ulizuka uvumi kwamba mizimu ya marubani wa 401 inaonekana kwenye TriStar nyingine zilizofungwa vipuri vilivyookolewa kinamasini. Borman alikanusha. Nami naona uvumi ule umewaibia wafu heshima yao, kwa kuwa walichoacha ni kikubwa kuliko hadithi ya vivuli. Uchunguzi wa 401 ni miongoni mwa zile zilizolazimisha mashirika kufundisha upya namna marubani wanavyogawana kazi: mmoja arushe ndege, hata kama wengine wote wameinamia balbu.

Kila shirika liliipa TriStar maisha tofauti. Court Line ya Uingereza iliipaka rangi kali, ikawapeleka watalii kwenye fukwe za Hispania, na ikafilisika Agosti 1974 baada ya msimu mmoja na nusu. LTU ya Ujerumani iliitumia kwa kazi hiyo hiyo kwa miaka mingi na ikafanikiwa. Cathay Pacific ya Hong Kong ilianza na chache mwaka 1975, na baadaye ikanunua zilizotumika kutoka Eastern. All Nippon Airways ya Japani iliagiza 21, na hapo pana doa ambalo halifutiki. Februari 1976 maseneta wa Marekani walifichua kwamba Lockheed ilikuwa imehonga ili kuuza ndege zake. Kakuei Tanaka, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa ununuzi, alikamatwa Julai mwaka huo kwa tuhuma za kupokea yen milioni 500, na mwaka 1983 akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Marekani ilitunga sheria ya kupiga marufuku kampuni zake kuhonga viongozi wa nje mwaka 1977. Wanaosema kila mtu alihonga enzi zile wanajitetea tu. Ndege nzuri kiasi kile haikuhitaji bahasha.

Ghuba iliipokea kwa mikono miwili. Saudia ilianza kuirusha mwaka 1975. Gulf Air, ambayo mwaka 1974 ilifanywa shirika la pamoja la Bahrain, Qatar, Abu Dhabi na Oman, ilipata TriStar zake mwaka 1976. Wasomaji wetu wa Muscat watalikumbuka jina hilo. Familia nyingi zenye asili ya Kiomani zilirudi huko kutoka Zanzibar na pwani yetu baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita walioko nje, na mpaka Oman Air ilipoanzishwa mwaka 1993, shirika la taifa lao lilikuwa Gulf Air.

Saudia pia ndiyo iliyobeba msiba mkubwa kuliko yote ya ndege hii. Tarehe 19 Agosti 1980 safari ya 163 iliondoka Riyadh kuelekea Jeddah, moto ukazuka kwenye sehemu ya mizigo nyuma, na rubani akarudi na kutua salama. Kisha ndege ikaendelea kutembea, ikasimama mbali, injini zikaendelea kuzunguka, na hakuna mlango uliofunguliwa kwa wakati. Watu 301 walikufa ardhini, ndani ya ndege nzima. Ni vigumu kuiandika ajali hiyo bila uchungu, kwa sababu sehemu ngumu, yaani kurudi na kutua, ilikuwa imeshafanyika.

Nyumba ya kweli ya TriStar ilikuwa Atlanta. Delta ilikuwa na hofu kiasi wakati Lockheed inayumba hata ikanunua DC-10 tano za akiba, lakini mara TriStar zake zilipofika kuanzia mwaka 1973 ikaziacha hizo na kujenga kundi kubwa kuliko la shirika lolote, likiongezewa ndege zilizonunuliwa kwa wengine. Mafundi wa Delta waliijua ndege hii kuliko hata waliokuwa wamebaki Lockheed. Na Delta nayo ilikuwa na siku yake nyeusi, 2 Agosti 1985, upepo mkali wa kushuka kutoka kwenye wingu la radi ulipoiangusha safari ya 191 karibu na njia ya Dallas/Fort Worth na kuua watu 137. Kutokana na ajali hiyo utafiti wa kugundua upepo wa aina hiyo ulipewa fedha na haraka, na ndege za abiria zikaanza kufungwa rada za kuutambua mapema.

Mwaka 1978 Lockheed hatimaye iliirusha TriStar ya masafa marefu, L-1011-500, fupi kwa zaidi ya mita 4 na yenye mabawa ambayo vidhibiti vyake vilijisogeza vyenyewe kupunguza mzigo wa upepo. British Airways na Pan Am waliinunua. Ilikuwa ndege bora, ila ilikuwa imechelewa miaka sita. Wakati huo huo Airbus ilikuwa na A300, ndege pana ya injini mbili, karibu kabisa na ile aliyoichora Frank Kolk mwaka 1966. Shirika lililoifungulia Airbus mlango wa Marekani, kwa kuazima A300 nne mwaka 1977 na kuagiza nyingine 23 mwaka uliofuata, lilikuwa Eastern chini ya Borman, lile lile lililoanza na TriStar.

Desemba 1981 Lockheed ilitangaza kusitisha. Ilihitaji kuuza karibu ndege 500 ili irudishe fedha zake. Ilitoa 250, na hasara ikakadiriwa kuwa dola bilioni 2.5. Haikuunda tena ndege ya abiria. DC-10 nayo, pamoja na zile za jeshi, iliishia 446, na McDonnell Douglas ikamezwa na Boeing mwaka 1997. Soko lililoweza kulisha kampuni moja lilikuwa limegawanywa kwa mbili.

Kilichonusurika vizuri kuliko vyote ni ile injini iliyokaribia kuua kila mtu. RB211 ilikua, ikapewa matoleo mapya, na mwisho ikazaa ukoo wa Trent wenye mihimili mitatu ile ile. Boeing 787 ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea mwaka 2018 zinatumia Trent 1000, kwa hiyo mpango wa mwaka 1968 wa Derby unasikika Dar es Salaam kila zinapopaa.

Eastern ilifungwa Januari 1991, Pan Am Desemba ya mwaka huo huo. TWA iliziondoa TriStar zake mwaka 1997. Tarehe 31 Julai 2001 Delta ilirusha safari yake ya mwisho ya TriStar, kutoka Orlando kurudi Atlanta. Jeshi la anga la Uingereza, lililonunua ndege tisa za British Airways na Pan Am baada ya vita vya Falkland ili zibebe mafuta na askari, liliendelea nazo kutoka Brize Norton hadi Machi 2014. Na moja, iliyowahi kubeba abiria wa Air Canada, iligeuzwa na Orbital Sciences kuwa Stargazer: roketi ya Pegasus hufungwa chini ya tumbo lake, ikapandishwa hadi futi 40,000 hivi, kisha ikaachiwa iwashe moto wake na kupeleka setilaiti angani. Tarehe 13 Juni 2021 Stargazer iliondoka Vandenberg, California, ikaiachia Pegasus nyingine juu ya Pasifiki, ikarudi kutua.